Jinsi Fundi Miwani Alivyoyaamsha Mashapo ya Chupa ya Mwisho

Sogeeni, enyi mlio karibu, nanyi mlio mbali tegeni masikio. Anayekoroga chai aache kijiko, anayetafuta miwani yake aiache ilipo, maana habari hii haihitaji macho. Nimekuja kuwasimulia jambo kubwa ambalo halijapata kuimbwa, la mwanaume mmoja aliyetoka kwenda vitani amevaa aproni, akapigana siku nane bila kumwaga damu ya mtu, akarudi na ngawira inayoenea kwenye kijiko cha supu. Mwenye kutaka farasi na mikuki aende kwingine, hapa tuna sufuria, kiberiti na chupa moja ya bia. Na mwenye kucheka acheke mapema amalize, kwa sababu mbele kuna mahali ambapo hata mimi, mwenye mdomo huu, kicheko kilinikatikia njiani.

Ewe Hamira, usiyeonekana kwa jicho wala kushikwa kwa mkono, wewe uliyelevya wafalme na kuumua mikate ya maskini, shuka kwenye ulimi wangu nisikwame. Usipotaka kushuka si neno, nitasimulia hivyo hivyo.

Shujaa wetu alikuwa fundi miwani. Mchana kutwa alisugua vioo katika chumba chembamba nyuma ya duka, lenzi moja moja, na sifa zake zilienea kwa sababu vikongwe waliingia kwake wakipapasa ukuta na kutoka wakisoma mabango ya upande wa pili wa barabara. Lakini jina lake la vita alilipatia jikoni kwake, ambako kwa miaka minane alikuwa akijipikia bia, naye huko aliitwa Mshindwa wa Vita Kumi na Saba. Bia yake ya kwanza ilinuka rangi ya kucha. Ya nne ilipasua chupa ndani ya kabati la nguo na kulowesha suti yake ya harusi, ambayo tangu siku hiyo haivaliki mahali penye nyuki. Ya tisa shemeji yake aliimwaga kwa siri kwenye chungu cha maua, na ua lile, lililokuwa limestahimili miaka ya kusahauliwa, likafa kabla ya Jumatano. Mwenyewe hakuwa mtu wa kujificha. "Karibuni," aliwaambia wageni akiwamiminia, "haya ni maji ya majuto, lakini ni ya baridi."

Na kila pishi lilipoiva alibeba chupa moja mpaka kwa baba mkwe wake. Mzee alipokea bilauri kwa mikono miwili, akaonja funda moja, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Asante, imetosha." Mara kumi na saba alisema hivyo, wala hakuna bilauri iliyopata kukauka.

Maana baba mkwe huyo hakuwa mtu wa kudanganywa kwa povu. Alikuwa Bwana wa Mapipa, mkuu wa ghala la chini katika kiwanda kidogo cha bia, na ngazi za ghala lile alizishuka kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne, akiwalisha, akiwapoza, akiwapasha joto. Nasema "akiwalisha" kwa sababu watu wa ghala lile hawakuiita hamira "hii". Waliiita "hao", kama unavyowataja jamaa wa nyumbani. Ilikuwa hamira ya pale pale, iliyorithishwa pipa hadi pipa tangu kabla mzee hajazaliwa. Halafu kiwanda kikafungwa. Mitambo ikapakiwa kwenye malori, lango likatiwa mnyororo, na hao wakamiminwa mferejini mzee akiona kwa macho yake. Alirudi nyumbani na kreti moja ya bia nyeusi isiyochujwa, ile ambayo mashapo yake hutuama chini ya chupa. Akainywa chupa moja kila Jumapili mpaka ikabaki moja tu. Hiyo ya mwisho akaisimamisha juu ya rafu karibu na redio, na kwa mwaka mmoja na nusu hakuigusa ila kuifuta vumbi. Habari za kazi hakuzitaja tena. Ukimuuliza siku yake ilikuwaje, alijibu, "Imepita."

"Baba amekaa kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake," alisema mke wa shujaa, aliyekuwa binti wa mzee huyo na kazi yake ukunga katika hospitali ya jirani. "Hagombi, halalamiki. Heri angegomba."

Basi Jumanne moja, shujaa akiwa anasugua lenzi ya karani mwenye makengeza, wazo likamshukia kwa kishindo hata kioo kikamponyoka. Yale mashapo ya kijivu chini ya chupa ya mzee si uchafu, alijiambia. Ni hao wenyewe. Wengi wamekufa, ndiyo, lakini huenda mmoja katika maelfu bado anapumua, na huyo mmoja akipewa maji matamu ya kimea, kidogo kidogo, atakuwa wawili, wawili watakuwa wanne, na wanne watakuwa ghala zima. Karani mwenye makengeza alingoja nusu saa zaidi kupata miwani yake, na hakuambiwa sababu.

Lakini kati ya shujaa na mashapo yale zilisimama ngome mbili. Ya kwanza, chupa yenyewe ilikuwa ya mwisho duniani. Ya pili ilikuwa sheria ya ghala, nayo ilikuwa ngumu kuliko ya serikali: kidole cha mwisho cha chupa, chenye tope, ni haki ya mkubwa wa ghala. Yeye hukitikisa mara tatu, husimama, hukinywa kwa mkupuo mmoja, na mwingine hakigusi. Mzee aliitimiza sheria hiyo hata peke yake sebuleni, Jumapili kwa Jumapili. Na aliyetaka kumwomba avunje sheria hiyo alikuwa mkwe, ambaye mbele ya mzee huyo hakuwahi kukunja nne wala kuomba apitishiwe chumvi.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, shujaa akapiga moyo konde. Akaketi kwenye ncha ya kiti sebuleni kwa mzee, magoti yamebanana, mke wake pembeni. Akakohoa mara moja. Akakohoa tena ili ile ya kwanza isionekane ya woga.

"Baba," akanena, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyokusudia, "nimekuja mbele yako sina sifa hata moja ya kujivunia. Bia zangu unazijua. Ile ya juzi uliiweka chini kabla hujamaliza kuketi, na sikulaumu, maana hata mimi huzinywa kwa kuzionea huruma. Lakini chini ya chupa ile ya kwenye rafu kuna kitu ambacho hakipo tena popote chini ya jua, na kila mwezi unaopita kinapungua. Naomba uifungue, baba. Uinywe wewe, tone kwa tone, hakuna atakayekugusa. Mimi naomba mashapo."

Redio ilikuwa ikitangaza hali ya hewa, na wote watatu wakaisikiliza kwa makini makubwa.

"Mashapo ni yangu," akasema mzee.

"Ndiyo, baba."

"Ni ya mkubwa wa ghala."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja na binti yako."

"Mimi nimekuja kula tu," akasema mke wake. Kisha akamgeukia mzee. "Lakini mpe, baba. Ikikaa pale mwaka mwingine itakuwa pambo."

Mzee akaitazama chupa. "Hao walishakwisha. Mwaka na nusu hawajatiwa kitu tumboni. Wewe ungeweza?"

"Pengine mmoja amebaki."

"Mmoja," akasema mzee, akainama akavuta soksi zake, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko soksi zilivyohitaji. "Sikiliza, fundi. Nitaifungua. Iliyo safi nitakunywa mimi, tope utachukua wewe. Wakiamka, nitakuja kuwaona. Wasipoamka, usije kunieleza. Usiniletee maneno ya kitaalamu wala pole. Nyamaza tu, mimi nitajua. Na bia nyingine usiniletee tena, ya namna yoyote ile."

Akasimama, akaitwaa chupa, akaifungua mwenyewe. Akaiinamisha kwa mkono usiotikisika hata kidogo, bia nyeusi ikateremka kwenye bilauri bila kugugumia, na chini mashapo hayakuinuka hata chembe. Alipofika kidole cha mwisho akaisimamisha. Akanywa ile safi polepole, amefumba macho, mpaka bilauri ikakauka. Shujaa aliona bilauri tupu mkononi mwa mzee kwa mara ya kwanza, akatambua kuwa bia iliyonywewa humo si yake. Akaufunika mdomo wa chupa kwa foili, akaibeba mitaa mitatu hadi kwake, wima, kwa mikono miwili, akiwapisha hata watoto na paka.

Sasa oneni jeshi likipangwa. Juu ya meza ya jikoni palilazwa taulo safi, na juu ya taulo zikasimama silaha: sufuria ndogo yenye maji ya kimea yaliyochemshwa na kupoa, mepesi kama chai ya mgonjwa, kwa sababu aliyelala na njaa mwaka na nusu hapewi karamu, chupa ya jemu iliyotokoswa dakika ishirini, pamba, spiriti, na kiberiti cha kuunguza mdomo wa chupa ili mdudu wa nje asijipenyeze. Jiko liliwashwa mwali mdogo, kwa kuwa kazi hii hufanywa karibu na moto, hewa ya uchafu ipande juu isishuke. Shujaa alinawa mikono hadi viwiko, mara mbili, kama mke wake alivyomfundisha. Akasimama mbele ya sinki, chupa ya mzee kushoto kwake.

Na hapa ndipo pale mahali kicheko kiliponikatikia.

Kila mpika bia wa nyumbani anaishi kwa amri moja kuu: chupa ikishamiminwa, isuuze papo hapo, kabla mashapo hayajakauka na kung'ang'ania kioo. Asiyeitii atakuja kusugua chupa arobaini kwa brashi na kulaani siku aliyozaliwa. Kwa miaka minane mkono wa kulia wa shujaa ulikuwa umeitii amri hiyo bila kumshauri mwenye mkono.

"Kipimajoto nimekiweka juu ya friji, umekiona?" mke wake akauliza kutoka chumbani.

"Nimekiona," akajibu, akageuza shingo kukitazama. Na shingo ilipokuwa huko, mkono wa kulia ukaichukua chupa, ukavua foili, ukafungua bomba, ukatia maji hadi nusu, ukatikisa kwa ustadi, ukapindua.

Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaanguka sinkini, mara moja, mara mbili. Shujaa akarudisha shingo, akaona. Mkono ukasimama hapo hapo, lakini yaliyokwisha kumwagika yakaendelea na safari yao kwenye tundu la sinki, yakazunguka kidogo, yakatoweka.

Mke wake alipoingia alimkuta ameganda, chupa imeinama mkononi, bomba linatiririka. Akalifunga bomba.

"Umefanya nini?"

"Nimewasuuza."

"Wote?"

"Sijui," akasema shujaa. "Amenipa haki yake, mke wangu. Miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyeigusa, amenipa mimi, nami nimeiosha kama kikombe cha mgeni."

Mkunga akaichukua chupa, akainyanyua dirishani. "Humu mmebaki vijiko viwili, vitatu. Bado ni maji mazito."

"Ni maji ya bomba. Yana dawa ya kuua vijidudu."

"Mimi nimewahi kumpokea mtoto kwenye ngazi za hospitali, mama yake ameshika begi, na sasa mtoto huyo anavunja vioo vya watu kwa mpira. Mimina kilichobaki. Halafu uende ukajilaumu huko sebuleni, hapa unaleta upepo."

Shujaa alitaka kulia, na kwa kuwa hakuona sababu ya kujizuia nyumbani kwake, akalia kidogo huku akiupitisha mdomo wa chupa kwenye mwali. Akayamimina yale masazo ya ngawira kwenye chupa ya jemu, akaongeza vijiko vitatu vya maji ya kimea, akafunika kwa foili bila kuibana. Mke wake akaichagulia mahali nyuma ya friji, juu, panapotoka joto la mota. Pia akampa amri ya wodi ya wazazi: "Usimfunuefunue."

Ndipo ukaanza mzingiro mkuu, nami sijui jeshi lililozingira mji kwa umakini zaidi ya fundi huyo na chupa ya jemu. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya, ila shujaa alijiridhisha kuwa rangi imebadilika, akamwita mke wake, wakakubaliana kuwa ni taa. Siku ya tatu aliitikisa kabla ya kazi, akarudi saa sita kuitikisa, akaitikisa jioni, huku akizisemesha chembe zilizomo kwa maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuyatumia ila kwa mtoto mchanga. Dukani alimpa mwalimu wa dini miwani ya dereva wa lori, na dereva wa lori, Mungu saidia, aligundua kabla ya kuwasha gari.

Siku ya nne mke wake alirudi kutoka kwa baba yake akavua viatu mlangoni. "Baba ameuliza."

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza kama sisi tu wazima."

Shujaa akaketi. Katika miaka yote ya ndoa yao mzee hakuwahi kuuliza hivyo, kwa kuwa aliamini mtu asiye mzima atasema mwenyewe. Alikuwa anangoja, basi. Alikuwa amekaa kule karibu na redio, chini ya rafu tupu, akihesabu siku, akizuia mdomo wake usiulize analotaka kuuliza.

Siku ya tano, adui akajitokeza. Hakuja na ngoma wala bendera. Alikuwa amelala siku zote kwenye droo ya vijiko, pakiti ndogo ya hamira kavu ya dukani, yenye nguvu, isiyoshindwa, ile inayofura kwa saa mbili. Shujaa aliifungua droo kutafuta kijiko wakakutana uso kwa uso. Akaitoa. Punje tano tu, aliambiwa na pakiti, au na mtu mwingine aliyekuwa ndani ya aproni yake. Punje tano, na kesho kuna povu. Nani atajua? Mzee atakuja, ataona povu, atafurahi. Je, si furaha ndiyo uliyoitaka?

Akaishika pakiti ile muda mrefu wa kutosha maji ya birika kuchemka na kupoa. Msimulizi wa habari hii angependa sana kusema kuwa heshima ilimwinua shujaa, akaitupa pakiti dirishani kwa ghadhabu tukufu. Ukweli ni kwamba aliikumbuka pua ya mzee, akaingiwa na hofu, akairudisha pakiti ndani, akaisukuma droo polepole ili isilie. Baadaye tu, akiwa amekaa sebuleni, ndipo alipoona lililo baya zaidi ya kugunduliwa. Ingekuwaje kama pua ile ingedanganyika? Mzee angepiga magoti ya moyo wake mbele ya wageni, akawaita "hao", na yeye angesimama pale akitabasamu. Hapo akaona aibu, akainuka akaitupa pakiti kwenye pipa la taka, bila utukufu wowote, pamoja na maganda ya vitunguu.

Akaamua pia kuwa kesho atakwenda kwa mzee kuungama habari ya bomba, ingawa alikatazwa kuleta maneno.

Siku ya sita, asubuhi, ameshavaa shati la kazi na kiatu kimoja, akaishusha chupa ya jemu kwa kuiaga. Akaitikisa mara moja, kwa mazoea. Ikamjibu. Ilikuwa sauti ndogo, sss, ya kitambaa kinachoburutwa sakafuni, kisha ikatulia. Shujaa akaiweka mezani kwa mikono yote. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa lenzi yake ya kazini, ile ya kukagulia mikwaruzo, akaibana jichoni, akainama mpaka pua ikagusa kioo. Pembeni, pale maji yanapokutana na chupa, palikuwa na vipovu. Akavihesabu. Vilikuwa kumi na kimoja. Akaanza kuvihesabu upya, na alipofika cha tano, kutoka chini kikapanda cha kumi na mbili.

"Mke wangu," akaita, kwa sauti aliyoitumia mara moja tu, siku ya kuchumbia. "Njoo taratibu."

Mkunga akaja na mswaki mdomoni. Akainama, akatazama kwa jicho la mtu aliyeona mengi yakizaliwa. Akautoa mswaki.

"Anapumua," akasema. "Sasa mpe chakula, na uvae kiatu."

Akawapa, vijiko sita, siku ya pili yake bilauri nzima kwenye chombo kikubwa zaidi, kilichokuwa cha kachumbari, na kila walipopewa walidai zaidi. Siku ya saba chini ya chombo palitandaa weupe mpya, kama krimu. Asubuhi ya siku ya nane povu lilisimama juu kimo cha kidole. Ilikuwa Jumamosi. Shujaa alikuwa akijipanga kwenda kuungama na kutangaza kwa pamoja, anatafuta lipi litangulie, mlango ukagongwa.

Alikuwa mzee. Hakuna aliyempelekea habari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema mzee, akapita sebuleni bila kuketi, akaenda moja kwa moja jikoni, ambako hakuwahi kuingia tangu binti yake aolewe. Alikuwa amevaa sweta la kijivu la ghalani, la sufu nene, lenye viraka viwikoni, ambalo watu wa mapipa hulivaa hata jua likiwaka nje kwa sababu chini kule hakuna jua. Akasimama mbele ya chombo.

Shujaa akaona ni sasa au haitakuwa. "Baba, kabla hujatazama. Mashapo uliyonipa, mimi kwa mkono wangu mwenyewe nimeyafungulia bomba. Zaidi ya nusu yalikwenda na sinki. Hawa unaowaona wametokana na vijiko vitatu vya masazo. Haikuwa bahati mbaya, ilikuwa mazoea ya mtu mjinga, na sitaki usifie kazi ambayo aliyeifanya ni friji na binti yako."

Mzee hakugeuka. "Mwaka wangu wa pili kazini," akasema, "niliacha bomba la chini la tangi wazi nikaenda kunywa chai. Tangi zima. Niliporudi samaki wote wa mto ulio nyuma ya kiwanda walikuwa wamelewa." Akasogea hatua moja karibu na chombo. "Mkubwa wangu alinifanya nilifagie ghala mwezi mzima kwa brashi ya viatu."

Mke wa shujaa akashika ukingo wa meza. Ilikuwa habari ya kwanza ya kazini kutoka mdomoni mwa baba yake tangu lango litiwe mnyororo.

Mzee akainua ncha ya foili kwa kidole kimoja. Akainama, akavuta pumzi, fupi, kisha ndefu. Wawili wale wakautazama mgongo wake kana kwamba hukumu imeandikwa kwenye sufu.

"Ndizi iliyoiva kupita kiasi," akasema mzee. "Halafu mkate uliotoka jikoni." Akavuta tena. "Halafu kile kitu cha mwisho, kama ufunguo uliolowa. Hicho hakuna mwingine aliye nacho."

Akarudisha foili. Akaugusa ubavu wa chombo kwa upande wa nyuma wa mkono, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, akakunja uso.

"Wanaona baridi," akasema.

Akafungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja, akalivua. Akalizungushia chombo, akaileta mikono miwili ya sweta mbele, akaifunga fundo. Kisha akabaki na shati tu, mabega yake membamba, akavuta stuli, akaketi.

"Watakula saa kumi," akasema. "Si kabla. Wewe unawalisha ovyo, ndiyo maana wana gesi nyingi." Akamtazama shujaa kwa mara ya kwanza tangu aingie, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, wala hakuyafuta. "Asubuhi zamu ya nani?"

"Yako, baba," akasema shujaa. "Ukipenda."

Basi na iandikwe, enyi mliovumilia hadi hapa, iandikwe kwa wino wa wafalme au kwa penseli ya dukani, yoyote iliyo karibu: kwamba katika mwaka ule, jikoni penye friji inayonguruma, fundi miwani aliyeshindwa mara kumi na saba alitwaa vijiko vitatu vya maji machafu akayarudishia uhai, na kwamba joho la heshima lilivuliwa mabegani mwa mkuu likavishwa chombo cha kachumbari. Bia yenyewe haijapikwa bado, na kwa kumjua mpishi sitatoa dhamana. Habari yangu inaishia kesho yake, Jumapili, saa moja na dakika mbili asubuhi, mzee aliposimama mlangoni kwa mkwewe, tayari kwa zamu, amenyoa ndevu, amepiga viatu rangi, amechelewa, alisema, dakika mbili, na akaomba radhi.